Hudna Bila ya Sulhu: Vita vya Palestina na Mikataba Yake Tangu 1948

Utangulizi

Ndugu msomaji, katika milango ya fiqhi inayohusu vita na mikataba mna maneno mawili ambayo sisi tukikaa barazani aghalabu huyachanganya. La kwanza ni hudna, nalo ni kusimamisha mapigano kwa muda na kwa masharti maalumu. La pili ni sulhu, nalo ni kuumaliza ugomvi wenyewe, kila upande ukajua haki yake ni ipi na mpaka wake uko wapi. Ni kweli kuwa wanachuoni wengi huyatumia maneno haya kwa kubadilishana, na hata mkataba wa Hudaybiya umezoeleka kuitwa sulhu ilhali ulikuwa ni wa miaka kumi. Lakini katika makala haya tutayatenganisha, kwa sababu bila ya kuyatenganisha hatuwezi kuielewa tarehe ya vita baina ya Israel, Wapalestina na Waarabu majirani zao.

Wengi walioandika habari za vita hivi wameandika habari za silaha: nani alishambulia wapi, na nani alishinda siku ngapi. Sisi tutaziangalia karatasi zilizosainiwa kila mapigano yalipotulia. Tutaona kuwa vita hivi vimesimamishwa mara nyingi, ila vimemalizwa mara chache, na kwamba lile lililoachwa nje ya karatasi ndilo lililorudi baadaye likiwa na bunduki.

Hudna katika fiqhi na katika tarehe

Mafaqihi wameiwekea hudna masharti. Lazima ajulikane anayeifunga na kwa niaba ya nani. Lazima yajulikane masharti yake. Lazima ujulikane muda wake, na hapa pana khitilafu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, hudna wakati wa udhaifu haizidi miaka kumi kwa mara moja, kwa kufuata mfano wa Hudaybiya. Mahanafi wao wameuegemeza muda kwenye maslahi. Kisha ikishafungwa ni wajibu kuitimiza, na anayehofia khiyana hana ruhusa ya kushambulia kwa ghafla, bali huutangaza wazi mwisho wa mkataba, kama inavyoelekeza Aya ya 58 ya Suratul Anfal.

Ardhi ya Palestina yenyewe imeshawahi kuyaona hayo. Mwaka 1192 Salahuddin alifunga hudna na Richard mfalme wa Uingereza: Wasalibi wakabakia na ukanda wa pwani kuanzia Tyre hadi Jaffa, Baitul Maqdis ikabakia mikononi mwa Waislamu, na mahujaji wa Kikristo wakaruhusiwa kuizuru. Mwaka 1229 al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Salahuddin, alimkabidhi mji huo mfalme Frederick wa Pili kwa mkataba wa miaka kumi, isipokuwa eneo la Haram lililobakia kwa Waislamu. Umma ulimlaumu sana. Hata hivyo, watu wa zama hizo walijua kuwa walichokifunga ni hudna. Muda wake ulikuwa unahesabika, na hakuna aliyewaambia watu kuwa ugomvi umekwisha.

Rhodes 1949: mstari usiokuwa mpaka

Tarehe 29 Novemba 1947 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 181 la kuigawa Palestina kwa kura 33 dhidi ya 13, na nchi 10 hazikupiga upande wowote. Dola ya Kiyahudi ilipangiwa takribani asilimia 55 ya ardhi, wakati ambapo Mayahudi walikuwa kiasi cha theluthi moja ya wakazi. Uongozi wa Mayahudi uliukubali mgawo huo, Waarabu waliukataa. Mapigano ya ndani yalianza mara moja. Tarehe 9 Aprili 1948 wanakijiji wa Deir Yassin, wakiwemo wanawake na watoto, waliuawa na wapiganaji wa vikundi vya Irgun na Lehi. Siku nne baadaye msafara wa madaktari, wauguzi na wagonjwa uliokuwa ukielekea hospitali ya Hadassah ulishambuliwa na Waarabu, na watu zaidi ya 70 wakafa.

Tarehe 14 Mei 1948 David Ben-Gurion alitangaza dola ya Israel, na siku iliyofuata majeshi ya Misri, Jordan, Syria, Iraq na Lebanon yakaingia vitani. Hudna ya kwanza ilianza tarehe 11 Juni na haikutimiza hata mwezi mmoja. Pande zote zilipumua, Israel ikaingiza silaha kwa wingi, na mapigano yaliporejea Julai miji ya Lydda na Ramle ikatekwa na maelfu kwa maelfu ya watu wake wakafukuzwa. Msuluhishi wa Umoja wa Mataifa, Folke Bernadotte, aliuawa na watu wa Lehi mjini Jerusalem tarehe 17 Septemba 1948. Naibu wake, Ralph Bunche, ndiye aliyeyasimamia mazungumzo yaliyofunguliwa katika kisiwa cha Rhodes.

Misri ilisaini tarehe 24 Februari 1949, Lebanon tarehe 23 Machi, Jordan tarehe 3 Aprili na Syria tarehe 20 Julai. Iraq iliondoa majeshi yake bila ya kusaini. Israel ikatoka na takribani asilimia 78 ya Palestina iliyokuwa chini ya Uingereza, Jordan ikashika Ukingo wa Magharibi pamoja na mji mkongwe wa Jerusalem, na Misri ikashika Gaza.

Hapa pana mambo matatu ya kuzingatiwa. La kwanza: mkataba wa Misri ulisema kwa uwazi kuwa mstari uliochorwa usifahamike kuwa ni mpaka wa kisiasa wala wa ardhi. Ulikuwa ni mstari wa kusimamisha majeshi tu, na kwa kuwa ulichorwa kwa wino wa kijani kwenye ramani, ukajulikana kwa jina la Mstari wa Kijani. La pili: masharti mengine hayakutekelezwa tangu siku ya mwanzo. Mkataba wa Jordan ulitaja uhuru wa kufika sehemu takatifu, lakini kwa miaka 19 Mayahudi hawakuweza kufika kwenye ukuta wanaouomba. La tatu, nalo ndilo kubwa zaidi: Wapalestina wapatao 700,000 waliotoka au kutolewa majumbani mwao hawakuwa na mwakilishi aliyesaini. Azimio nambari 194 la tarehe 11 Desemba 1948 lilitaja kurejea kwao au kulipwa fidia, lakini hakuna mkataba hata mmoja wa Rhodes ulioshughulikia mashamba yao, nyumba zao wala marejeo yao.

Basi tukiipima Rhodes kwa mizani ya fiqhi, ilikuwa ni hudna isiyokuwa na muda, na watu wenye jeraha kubwa kuliko wote hawakuwemo.

Suez 1956 na siku sita za 1967

Mkulima aliyekuwa akiliona shamba lake ng'ambo ya mstari alivuka usiku, mara nyingine kuchuma matunda yake, na baadaye mara nyingine kupiga. Mwezi wa Machi 1954 abiria 11 wa basi waliuawa katika jangwa la Negev. Nayo Israel ililipiza kwa vijiji: kule Qibya, Oktoba 1953, waliuawa watu zaidi ya 60. Kila tukio lilipelekwa kwenye kamati ya pamoja iliyoundwa Rhodes, na kamati ilichokuwa nacho ni kalamu tu.

Tarehe 26 Julai 1956 Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez. Israel, kwa makubaliano ya siri na Uingereza na Ufaransa, ilishambulia Sinai tarehe 29 Oktoba. Shinikizo la Marekani na Urusi ya Kisovieti liliwatoa wavamizi, na Machi 1957 Israel ikaondoka Sinai na Gaza. Kilichobakia hapo si mkataba, bali ni askari wa Umoja wa Mataifa waliowekwa upande wa Misri peke yake kwa kuwa Israel iliwakataa upande wake, pamoja na mafahamiano kuwa Mlango wa Tiran usifungwe. Kitu kilichosimama juu ya ridhaa ya upande mmoja huanguka ridhaa hiyo inapoondoka. Mei 1967 Nasser aliwataka askari hao waondoke, wakaondoka. Kisha akaufunga Tiran, jambo ambalo Israel ilikuwa imeshalitangaza kuwa ni sababu ya vita.

Tarehe 5 Juni 1967 Israel iliziangamiza ndege za Misri zikiwa bado ardhini. Kwa siku sita ilitwaa Sinai, Gaza, Ukingo wa Magharibi, Jerusalem ya Mashariki na Milima ya Golan. Wapalestina wengine wapatao 300,000 wakahama. Usiku wa tarehe 10 Juni mtaa wa Wamaghribi, uliokuwa wakfu tangu zama za akina Salahuddin, ulianza kubomolewa ili kupata uwanja mbele ya ukuta ambao Waislamu wanauita al-Buraq. Uwanja wa Masjidul Aqswa wenyewe uliachiwa idara ya wakfu iliyo chini ya Jordan. Tarehe 21 Agosti 1969 Mkristo mmoja kutoka Australia aliutia moto msikiti huo na mimbari mashuhuri iliyoletwa na Salahuddin ikaungua. Mwezi uliofuata, mjini Rabat, viongozi wa nchi za Kiislamu walikutana kwa mara ya kwanza, na katika mkutano huo ndimo ilimotokea jumuiya yao.

Khitilafu ya alif na lam

Mkutano wa Waarabu wa Khartoum, Septemba 1967, ulisema hakuna sulhu, hakuna kuitambua Israel, wala mazungumzo nayo. Tarehe 22 Novemba mwaka huo Baraza la Usalama likapitisha azimio nambari 242, ambalo limekuwa msingi wa mazungumzo yote yaliyofuata: Israel iondoke, na kila dola ya eneo hilo iishi kwa amani ndani ya mipaka inayotambuliwa.

Anayesoma nahau ya Kiarabu atalielewa tatizo la azimio hilo mara moja, kwa kuwa limesimama juu ya alif na lam. Andiko la Kiingereza linataja kuondoka kwenye ardhi zilizotwaliwa bila ya kiambishi cha kuainisha. Andiko la Kifaransa linacho. Israel ikashika la kwanza na kusema kuwa si lazima iondoke kote. Waarabu wakashika la pili, na pia dibaji ya azimio inayokataza kutwaa ardhi kwa vita. Watungaji wake waliipitisha ibara hiyo ili kila upande upate cha kushika. Nao Wapalestina wametajwa humo kama tatizo la wakimbizi tu, hata jina lao halimo. Miaka mitatu haikupita ila makundi yao yenye silaha yalikuwa yakipigana na jeshi la Jordan ndani ya Amman, Septemba 1970.

Vita vya Ramadhani na sulhu ya Misri

Mchana wa tarehe 6 Oktoba 1973, sawa na mwezi 10 Ramadhani 1393, majeshi ya Misri yaliuvuka Mfereji wa Suez na ya Syria yakapanda Golan. Ilikuwa pia ni siku ya funga kubwa ya Mayahudi. Israel ilishtuka, kisha ikajikusanya na kuvuka mfereji kuelekea Misri. Katika siku hizo nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya, zilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel.

Mwaka 1974 majeshi yalitenganishwa. Makubaliano ya Golan ya tarehe 31 Mei 1974 ni mfano mzuri wa hudna iliyotungwa vizuri: eneo la katikati, idadi ya askari na silaha kila upande, na waangalizi wa kimataifa. Ulinyamazisha bunduki kwa kiasi kikubwa kwa miaka hamsini. Lakini haukuwa sulhu, na serikali ya Assad ilipoanguka tarehe 8 Desemba 2024, Israel iliingiza majeshi yake katika eneo hilo la katikati.

Misri ilifuata njia nyingine. Anwar Sadat alikwenda Jerusalem Novemba 1977, akakubaliana na Menachem Begin kule Camp David Septemba 1978, na mkataba ukasainiwa tarehe 26 Machi 1979. Sinai yote ilipangwa kurudi, na Aprili 1982 Israel ilimaliza kuondoka. Misri ilisimamishwa katika Jumuiya ya Waarabu kwa miaka kumi, na Sadat mwenyewe aliuawa tarehe 6 Oktoba 1981. Pamoja na hayo, dola hizi mbili zilizokuwa zimepigana vita vinne vikubwa katika miaka 25 hazijarudi vitani baina yao. Mpaka ulitajwa, ardhi ikarudi, na mwenye ardhi ndiye aliyesaini. Ila sehemu ya makubaliano ya Camp David iliyohusu Wapalestina ilibakia kuwa maneno matupu, na wao hawakuwepo.

Maulamaa walisemaje?

Suala hili liliwagawa wanachuoni. Kamati ya Fatwa ya Al-Azhar mwaka 1956 ilitoa fatwa kuwa haifai kufanya sulhu na Israel, kwa kuwa ni kumthibitishia mnyang'anyi alichokinyang'anya. Mwaka 1979 Mufti wa Misri, Shaykh Jad al-Haqq Ali Jad al-Haqq, aliuhalalisha mkataba wa Sadat na kutoa dalili ya Hudaybiya. Mwishoni mwa 1994 Shaykh Abdul Aziz bin Baz wa Saudi Arabia alisema inafaa, kwa muda au bila ya muda, kiongozi akiona maslahi. Shaykh Yusuf al-Qaradawi akampinga akisema kuwa aya ya kuielekea amani haimhusu aliyeikalia ardhi ya watu na angali juu yake.

Msomaji atazame vizuri mahali pa khitilafu. Hakuna hata mmoja wao aliyekataa kuwa hudna inafaa wakati wa haja. Walichogombania ni kama kilichosainiwa ni hudna au ni kukubali hali ilivyo milele. Yaani hata maulamaa waligawanyika kwa sababu karatasi zenyewe hazikusema wazi zilikuwa nini.

Lebanon na Oslo

Juni 1982 Israel iliingia Lebanon hadi Beirut kukitoa chama cha PLO. Wapiganaji waliondoka kwa makubaliano na ahadi kuwa raia wao watahifadhiwa. Kati ya tarehe 16 na 18 Septemba wanamgambo wa Kikristo wa Lebanon waliwaua mamia kwa mamia ya watu katika makambi ya Sabra na Shatila, huku jeshi la Israel likiwa limeyazunguka. Mkataba wa Israel na Lebanon wa Mei 1983 ulifutwa kabla ya mwaka kutimia. Israel ilibakia kusini hadi Mei 2000, Hizbullah ikakua katika mapambano hayo, vikaja vita vya siku 34 vya 2006, kisha vya 2023 na 2024 vilivyosimamishwa Novemba 2024.

Wapalestina wa ndani walinyanyuka Desemba 1987 katika intifadha, na hatimaye tarehe 13 Septemba 1993 Yasser Arafat na Yitzhak Rabin wakashikana mikono. Kwa mara ya kwanza mwenye jeraha alikuwa mezani. Lakini mambo mazito yote, yaani Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi na mipaka, yaliahirishwa kwa kipindi cha mpito cha miaka mitano. Ilikuwa ni funika kombe mwanaharamu apite. Makazi ya walowezi yaliendelea kupanuliwa. Februari 1994, katikati ya Ramadhani, mlowezi aliwaua waumini 29 wakiswali katika msikiti wa Ibrahim mjini Hebron. Hamas ikalipua mabasi katika miji ya Israel. Na Novemba 1995 Rabin aliuawa na Myahudi mwenzake. Jordan iliyosaini sulhu yake Oktoba 1994 ikiwa na mpaka uliotajwa, imebakia nayo. Oslo haikuufikia mwisho wake, na Septemba 2000 ikaanza intifadha ya pili iliyoua Wapalestina zaidi ya 3,000 na Waisraeli wapatao 1,000.

Gaza: kutoka hudna hadi tahdia

Shaykh Ahmad Yassin, muasisi wa Hamas, alitaja zaidi ya mara moja hudna ya miaka mingi kwa sharti Israel irudi nyuma ya mistari ya 1967. Israel iliona kuwa ni mapumziko ya kujipanga upya, na Machi 2004 ikamuua. Iliondoka Gaza mwaka 2005 bila ya mkataba wowote. Hamas ilishinda uchaguzi Januari 2006, ikaitwaa Gaza kwa nguvu kutoka kwa Fat-h Juni 2007, na mzingiro ukakazwa.

Kuanzia hapo hata neno hudna lilionekana kubwa, watu wakatumia tahdia, yaani kutulizana. Tahdia ya Juni 2008 ilikuwa ya miezi sita, kwa kupitia Misri, bila ya andiko lililosainiwa na pande mbili. Ilikufa Desemba, na tarehe 27 mwezi huo vikaanza vita vilivyoua Wapalestina wapatao 1,400 na Waisraeli 13. Vikafuata vya Novemba 2012, vya kiangazi cha 2014 vilivyoua Wapalestina zaidi ya 2,100 na Waisraeli zaidi ya 70, na vya Mei 2021.

Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliuvuka uzio, wakaua watu wapatao 1,200, wengi wao raia, na kuwachukua mateka wapatao 250. Miongoni mwa waliouawa ni vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo. Vita vya Israel vilivyofuata viliibomoa Gaza. Hadi Oktoba 2025 Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu waliokufa zaidi ya 67,000, na maelfu kwa maelfu kati yao ni watoto. Usitishaji wa Januari 2025 ulivunjika tarehe 18 Machi kwa mashambulizi ya Israel, na mwingine ukaanza tarehe 10 Oktoba 2025.

Hitimisho

Tukiyakusanya haya tunapata kanuni nyepesi. Palipotajwa mpaka, ardhi ikarudi na mwenye haki akasaini, kama Sinai, bunduki zimenyamaza kwa miaka zaidi ya arubaini pamoja na chuki yote iliyobakia nyoyoni. Palipoandikwa hudna nzuri bila ya sulhu, kama Golan, palitulia hadi upepo ulipogeuka. Na palipoachwa mstari usiokuwa mpaka, wakimbizi wasiokuwa na jibu na Jerusalem isiyozungumzwa, kila kizazi kimerithi vita vya kizazi kilichotangulia.

Kwa hiyo tusikiapo kuwa vita vimesimama tusiharakishe kusema kuwa amani imekuja, wala tusimwite kila aliyesimamisha vita msaliti. Hudna inaokoa roho, na roho moja si jambo dogo. Ila tuulize maswali matatu ambayo mafaqihi wameyauliza tangu zamani: nani amesaini na kwa niaba ya nani, masharti ni yapi, na muda ukimalizika kuna nini baada yake. Swali la tatu ndilo ambalo Rhodes haikulijibu mwaka 1949, na Wapalestina wa makambini, wajukuu na vitukuu wa wale waliotoka mwaka ule, bado wanalingoja jibu lake.

Wallahu aalam.